Sufu Ndani ya Ngoma Nyekundu

Mguu wa mtoto ulikuwa bado haujafika kwenye pedali, na ngoma kubwa ikalia. Du. Mara moja tu, taratibu, kama mtu anayegonga mlango na hataki kuamsha nyumba nzima. Kijiko akainua macho kumtafuta mama yake, lakini mama yake hakuwa na habari. Alikuwa anagombana na mumewe katikati ya duka.

Mama huyo alikuwa fundi wa makochi, na watu wote, hata mumewe, walimwita Fundi. Hasira zake zilikuwa karibu, hazikuhitaji kuitwa mara mbili. Mumewe, dereva wa boza la maji, alikuwa mpole mpaka anaudhi. Mtoto wao wa pekee, binti wa miaka minane, waliishia kumwita Kijiko kwa sababu tangu anatambaa aligonga kila kitu kwa vijiko: sufuria, ndoo, magoti ya wageni. Na mdomo wake ulikwenda sambamba na mikono. Aliongea tangu anafumbua macho mpaka usingizi umkatize katikati ya neno. Leo walikuwa wamekuja kumchagulia drams zake za kwanza.

"Hizi zinamtosha," dereva alisema, akionyesha seti ndogo mpya. "Miguu yake inafika chini. Mtoto anaanza na kinacholingana na mwili wake."

Fundi aliigonga ile seti kwa kifundo cha kidole. "Hii ni ndoo, Baba Kijiko. Tumevaa viatu kuja kununua ndoo?"

Yeye macho yake yalikuwa kwenye seti nyekundu pale kona, iliyokwishatumika, ambayo Kijiko alikuwa amekwisha kuikalia. Alipapasa ubavu wa ngoma kubwa kwa kiganja. "Hii ni mbao. Mbao nazishika kila siku, hakuna wa kunidanganya."

Muuzaji, bwana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa waya, hakuisifia hata kwa neno moja. Hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi.

"Kama mmeamua, sawa," alisema. "Ila kuna blanketi ndani ya ngoma kubwa. Msilitoe."

"Lina nini?"

"Linashika sauti isivume. Liacheni lilivyo."

"Kaka yangu," Fundi alisema, na dereva akajua balaa limefika, "mimi natoa na kutia matumbo ya makochi tangu sijaolewa. Leo nifundishwe kujaza ngoma?"

Muuzaji akafungua mdomo, kisha akaufunga.

Nyumbani dereva alikata miguu ya kiti cha drams kwa msumeno ili mtoto afikie pedali. Fundi yeye akafungua ngozi ya ngoma kubwa. Hakuna fundi wa makochi anayekubali kilichojazwa na mwenzake bila kuchungulia, na huyu alikuwa wa mwisho duniani wa kukubali. Blanketi lilikuwepo, jeusi, limekunjwa na kushonwa pande zote kwa mkono, mishono midogo iliyobanana, mizunguko mitatu. Aliitazama mishono ile kwa wivu kidogo. Mtu hashoni hivyo ila awe amelipwa vizuri sana au anaogopa. Kisha akachukua kisu chake cha kufumulia na kuikata yote.

Ndani kulikuwa na sufu ya kijivu, laini, nyingi, na ilikuwa na joto. Ilitoa harufu ya nywele zilizoungua. Akaianika juani, harufu ikaisha. Ngoma aliijaza vipande vya sponji. Sufu je, aitupe? Katika kazi yake, kutupa sufu nzuri ilikuwa dhambi iliyozidi uongo. Konzi mbili alizitia kwenye mto wa kile kiti cha drams. Nyingine yote aliijaza kwenye kochi la jirani yake, mkunga mstaafu, aliyekuwa ameahidiwa sufu mpya. Nani angejua? Tena ilikuwa bora kuliko mpya. Alishona kitambaa juu yake, akasimama kulitazama kochi, akajisifu.

Siku ya tatu, saa saba mchana, jua limesimama juu ya paa, Fundi alikuwa karakanani ubavuni mwa nyumba, misumari midogo mdomoni kama wafanyavyo mafundi wote wa makochi. Kijiko alikuwa shuleni, dereva barabarani.

Du.

Akasimamisha nyundo.

Du. Du.

Akaitema misumari kiganjani na kuingia ndani. Pedali ya ngoma kubwa ilikuwa inarudi mahali pake polepole, kama vile mguu ndio kwanza umeondoka. Chumbani hapakuwa na mtu. Harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa imejaa mpaka kwenye mapazia. Mtu mwingine angekimbia. Fundi alikasirika. Alitafuta paka, akatafuta panya, akaupiga teke mlango wa kabati, kisha akarudi kazini, na hasira zake zote akazimalizia kwenye msumari.

Siku zilizofuata Kijiko akaanza kupungukiwa maneno. Kwanza aliacha kuimba bafuni. Halafu akaacha kusimulia ya shuleni. Kisha akawa anajibu kwa vidole mezani: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Baba yake alicheka siku ya kwanza. Siku ya nne mwalimu alileta barua kwamba mtoto amekataa kusoma kwa sauti, na hapo hakuna aliyecheka. Kila neno lililompotea mtoto, ngoma ile ilizidi kuchangamka mchana, nyumba ikiwa tupu.

"Wewe ndiye uliyezitaka hizo drams," dereva alisema siku hiyo jikoni, kwa sauti ya chini. Kijiko alikuwa amekaa kati yao, chakula hakijaguswa.

"Sema tena."

"Nasema nilitaka zile ndogo, ukaniita mjinga mbele ya watu."

"Sikukuita mjinga! Nilisema ndoo!"

"Fundi, punguza sauti."

"Sipunguzi! Mwanangu hasemi, na wewe unakuja kunihesabia maneno ya dukani?"

Hapo ndipo waliposikia. Kule chumbani drams zilikuwa zinapiga, na mwanzoni Fundi alidhani ni kelele tu, lakini alipokaza sikio nywele zikamsimama, kwa maana ngoma ndogo ilikuwa inapiga ukali wake yeye na ngoma kubwa inapiga unyonge wa mumewe, zikipokezana vile vile walivyopokezana wao, zikipanda alipopanda, zikinyamaza aliponyamaza, ugomvi wao mzima ukirudiwa pigo kwa pigo bila kukosea hata pumzi, mpaka zikafika pale walipokuwa wameishia, zikatua, na katika ukimya ule sauti ya mtoto ikaita kutoka ndani ya chumba kisicho na mtu:

"Mama."

Ilikuwa sauti ya Kijiko, kabisa, na kile kikwaruzo chake kidogo, kama cha mtu mwenye mafua. Na Kijiko mwenyewe alikuwa amekaa mbele yao, midomo imefungwa, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni.

Asubuhi yake Fundi aliingia dukani kama moto. Hakusalimu.

"Umeniuzia nini?"

Muuzaji alivua miwani. "Umelitoa blanketi."

"Nakuuliza umeniuzia nini!"

"Nilikwambia usilitoe, dada yangu. Nimekaa naye miaka hapa dukani, amelala, hajamgusa mtu."

"Ungesema ni jini!"

"Ningesema, ungenunua?"

Fundi aliinua mkono ampige. Haukushuka, maana alikuwa amekumbuka ule mdomo uliofunguka ukafungwa, na yeye alivyouona na kuupuuza. Akatoka analia kwa hasira barabarani, watu wanampisha.

Mchana ule dereva akaleta mganga. Hakuwa na kilemba wala rungu. Alikuwa kijana mwenye mafua na begi la shule, na alionekana ana kazi nyingine za kuwahi. Alimtazama Kijiko kooni, akazitazama drams, akanusa mto wa kiti.

"Jini huyu hana sauti yake mwenyewe," alisema akijifuta pua. "Anaazima. Anaanza na ya ngoma, kisha anataka ya mtu. Akishaimaliza hairudi. Alikuwa amefungiwa kwenye sufu. Iko wapi?"

Fundi alileta blanketi. Akauchana mto wa kiti. Kijana akapima zile konzi mbili kwa macho.

"Ndiyo yote?"

Mlangoni alikuwa amesimama Mkunga, mikono kifuani. Alikuwa amekuja kuulizia kochi lake, akazuiwa na alichokikuta. Ndiye aliyekaa na Kijiko kila siku akitoka shule, maana karakana ilijaa gundi na misumari. Ndiye pia aliyeutangazia mtaa mzima kwamba hakuna fundi mkweli kama huyu.

"Fundi," mumewe alisema, "anauliza ndiyo yote?"

Jinsi alivyouliza! Mbele ya jirani, kwa upole ule ule wa dukani, kana kwamba anajua. Hasira zikampanda Fundi mpaka masikio yakaziba. Miaka kumi na tano ya jina zuri, aje aivue nguo leo, mbele ya huyu mwanamke na huyu kijana wa makamasi?

"Ndiyo yote!" alifoka. "Mnataka nichane na godoro?"

Kijana akamtazama kidogo. "Ukinidanganya, hasara si yangu," alisema, akawasha moto uani.

Blanketi na sufu viligoma kuungua, vikafuka moshi mzito wenye harufu ile ile, na kijana akasoma na kukohoa na kusoma, na drams ndani zikaanza kupiga zenyewe, kwanza moja moja, kisha zote, matoazi yakilia mpaka vikombe vikatembea rafuni, dereva amemkumbatia mtoto, Fundi amewakumbatia wote wawili, na kelele zikapanda zikapanda hadi ikawa hakuna tena cha kusikia ila kelele, mpaka ngozi ya ngoma kubwa ikapasuka kutoka ukingo hadi ukingo, na kila kitu kikanyamaza.

"Mama," Kijiko alisema, kwa mdomo wake mwenyewe. "Nina njaa."

Dereva alikaa chini sakafuni akalia. Mkunga akapiga vigelegele. Jioni ile ile Fundi na mumewe wakabeba kochi lake wakampelekea, likawekwa sebuleni kwake, na Fundi akajiambia kwamba jini ametoka, watu wote wameona, sufu iliyobaki ni sufu tu.

Kijiko aliongea siku nne mfululizo. Alimsimulia baba yake mambo ya wiki mbili kwa pumzi moja. Siku ya tano alirudi kutoka kwa Mkunga amepoa. Amechoka, Fundi alijiambia. Siku ya sita alinong'ona. Ni mafua, kayapata kwa yule kijana wa begi. Siku ya saba ilikuwa Jumamosi. Jana yake, baada ya shule, mtoto alikuwa kwa Mkunga, amelala mpaka jioni kwenye kochi jipya. Fundi alimwekea uji mbele yake.

"Unataka sukari, mwanangu?"

Kijiko akagonga meza kwa kidole. Mara mbili.

Fundi hakupiga kelele. Hasira yake ilitafuta wa kumwangukia, kama kawaida yake: muuzaji, mume, mganga. Safari hii ilizunguka nyumba nzima ikarudi ikamkuta yeye. Akachukua kisu cha kufumulia, akamshika mtoto mkono, akatoka na ndara zisizofanana.

"Hodi! Jirani, fungua!"

Mkunga alifungua anacheka. "Heri umekuja, Fundi. Nina salamu zako."

"Nimekudanganya," Fundi alisema kabla hajaishiwa ujasiri. "Sufu ya kochi lako si mpya. Nimekutilia ile ya kwenye ngoma. Mganga aliniuliza na wewe umesimama pale, nikaona aibu. Nipishe nilichane, nitakushonea jingine, nitakushonea hata matatu, nipishe tu."

Kicheko kilimtoka Mkunga usoni. Akasogea pembeni. Sebuleni palikuwa na alama nne za miguu ya kochi kwenye zulia.

"Nimempa binti yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Yule aliyeolewa mbali. Gari la mizigo limelichukua jana usiku. Nilimsifia kazi yako, nikaona..."

Simu yake ikaita mkononi. Aliitazama, akaipokea, akabonyeza ili wote wasikie.

"Mama," ilisema sauti ya binti, ya haraka, ya mtu anayejikaza. "Kochi limefika, tumeliingiza ndani. Mama, kuna mtoto analia huku. Tumetafuta kila chumba hatumwoni. Anamwita mama yake."

Kisha ikasikika nyuma yake, kwa mbali, ile sauti yenye kikwaruzo cha mafua. Kijiko akaitambua. Aliinua uso, akafungua mdomo mpana kuijibu, mishipa ya shingo ikamtoka. Haikutoka sauti. Akaushika mkono wa mama yake wenye kisu, akaanza kugonga juu yake kwa kidole, mara mbili, mara mbili, mara mbili.