Mahojiano ya Bibi Miwani

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Chiriku alikuwa amekwisha kuzungumza na nusu ya shule. Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mahudhurio. Watu wote, hata mama yake aliyefanya kazi kwenye tanuri la mikate, walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Wiki hiyo alikuwa na habari moto. Jumamosi shule tatu zingekutana kwa maonyesho ya historia, na darasa lao la sita lilipewa mada ya dini mbili: Uhindu na Ubudha.

Mwalimu wa historia aligawa kazi. Chiriku alitakiwa aende kwenye duka la miwani nyuma ya posta, akamhoji mwenye duka. Mama huyo mzee, ambaye watoto walimwita Bibi Miwani, alifuata dini ya Uhindu. Mke wa mwanawe, aliyefanya naye kazi, alikuwa Mbudha. Wote wawili walikuwepo dukani kila siku, na kazi yenyewe haikuzidi saa moja.

Lakini wiki hiyo kulikuwa pia na mazoezi ya netiboli, na Chiriku ndiye aliyekuwa mfungaji. Jumatatu alisema ataenda kesho. Jumanne akasema vivyo hivyo. Jumatano, zikiwa zimebaki dakika ishirini tu kazi zikusanywe, aliketi nyuma ya darasa akatunga mahojiano kichwani. Kuhusu dini hakujua aandike nini, kwa hiyo aliandika kwamba ni za zamani sana na zina mafundisho mengi mazuri. Kisha akajaza kurasa mbili kwa utoto wa Bibi Miwani: jinsi alivyovuka mto na babu yake kwenda kusali, na jinsi alivyofuta machozi alipokuwa akisimulia. Hayo ya machozi yalimpendeza hata yeye mwenyewe.

Alhamisi asubuhi mwalimu alisema mahojiano yanahitaji kuongezwa nyama upande wa dini, lakini habari ya mto imemgusa sana. Akamchagua Chiriku azungumze Jumamosi mbele ya shule zote tatu. Darasa likapiga makofi. Moyo wa Chiriku ulikuwa bado unarukaruka kwa furaha mwalimu alipoongeza kwamba jana jioni alipita dukani, akamshukuru Bibi Miwani na kumwalika akae mstari wa mbele.

Furaha ikamkauka. Masomo yalipokwisha hakwenda mazoezini. Alitoka mbio hadi nyuma ya posta. Njiani alipanga amwulize bibi maswali harakaharaka, na mambo yaishe kimyakimya.

Alikuta mashine ya kusagia lenzi imezimwa. Bibi Miwani ameketi kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani. Mke wa mwanawe alimweleza Chiriku kwa sauti ya chini kwamba wanafunga mapema. Jana mwalimu mmoja alikuja kushukuru kwa mahojiano, na mama mkwe wake hakumbuki chochote: hamkumbuki mtoto, haukumbuki mto. Tangu hapo amegoma kugusa lenzi. Amesema kama akili imeanza kumtoka, atakuja kumpimia mtu macho vibaya. Kesho wangekwenda hospitali.

Alikuwa amejiandaa kwa lolote, ila si hilo. Akasogea karibu na kiti cha bibi.

"Shikamoo, Bibi," alisema. "Hujasahau kitu. Mimi ndiye yule mtoto, na sikuja kabisa. Yote niliyatunga."

Bibi Miwani aliinua uso. Chiriku alingoja afukuzwe.

"Kwa hiyo kichwa changu ni kizima?"

"Kizima, Bibi. Nisamehe."

Mzee alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia. Akasema amekasirika, na ataendelea kukasirika mpaka jioni. Lakini kwa sasa Chiriku avute kigoda na kufungua daftari, na safari hii aandike kinachosemwa.

Akaanza kusimulia, na Chiriku akasahau kuongea. Uhindu, alisema bibi, hauna mwanzilishi mmoja. Ulikua polepole huko India kwa maelfu ya miaka, na nyimbo zake takatifu za kale, Veda, zilirithishwa kwa mdomo kabla ya kuandikwa. Chiriku aliuliza kwa nini wana miungu mingi.

"Wengi wetu tunaamini asili ya vyote ni moja, inayoonekana kwa sura nyingi," bibi alijibu. "Mimi kwa mwanangu ni mama, kwako ni bibi, kwa mteja ni fundi. Nimekuwa watu watatu?"

Akaeleza kwamba roho huzaliwa tena na tena, kwamba kila tendo, jema au baya, lina matokeo yanayomrudia mtendaji, na kwamba tumaini kuu ni siku moja kuwekwa huru kutoka katika mzunguko huo wa kuzaliwa.

Mke wa mwanawe naye akaacha kufunga fremu, akasogeza kiti. Alisimulia juu ya Siddhartha, mwana wa mtawala aliyeishi karibu miaka elfu mbili na mia tano iliyopita. Alilelewa kwa raha, hadi siku alipoona mzee, mgonjwa na maiti. Akaacha jumba la kifalme kwenda kutafuta chanzo cha mateso, na baada ya miaka ya kutafuta na kutafakari akapata jibu. Ndipo akaitwa Buddha, yaani aliyeamka. Alifundisha kwamba maisha yana mateso, kwamba chanzo chake ni tamaa, kwamba mateso yanaweza kukoma, na kwamba njia ya kuyakomesha ina sehemu nane. Chiriku aliomba kutajiwa mojawapo.

"Kusema maneno ya kweli," alijibu yule mama. Bibi Miwani akaangua kicheko, na Chiriku, ingawa masikio yalimwaka moto, akacheka pia.

Ijumaa alimkabidhi mwalimu kurasa sita mpya na kumwambia kila kitu. Mwalimu alifuta alama za kazi ya kwanza, zote. Alimtaka aeleze kosa lake mbele ya darasa, kisha akawauliza wanafunzi wenzake kama bado azungumze Jumamosi. Wakabishana kidogo, wakakubali.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Chiriku alizungumza kwa msisimko hadi watu wakasogea mbele. Ndipo msichana wa shule nyingine akauliza kama Wabudha wote hawali nyama. Chiriku aliona jibu zuri likimjia ulimini, lisilo na uhakika wowote. Akalimeza.

"Sijui," alisema. "Ila yupo anayejua."

Mke wa mwana wa Bibi Miwani alisimama akaeleza kwamba wengine hula na wengine hawali. Ukumbi ukapiga makofi.

Walipokuwa wakipanga viti, mwalimu alimwita Chiriku kando.

"Ukitunga habari za watu, unawanyang'anya maisha yao na kuwapa ya uongo," alisema. "Ukiuliza, unawaheshimu, na wewe unapata zaidi. Neno lako la leo nililolipenda kuliko yote ni lile la sijui."