Ulimi wa Moshi Uliochorwa

Jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Mchora Moshi, aliianza siku ile kama siku zake nyingine: alipiga pasi blauzi, akalijaribu komeo la mlango mara mbili kwa mazoea, akafika kazini kabla ya saa mbili asubuhi.

"Leo umeitangulia hata setilaiti," mkuu wa zamu alimtania.

"Setilaiti haina mdogo wa kuisumbua," akajibu, nao wakacheka.

Kazi yake ilikuwa ya macho na mkono. Misitu ya milimani iliwaka kwa juma la pili, na kila baada ya dakika kumi setilaiti ilileta picha mpya. Yeye aliutafuta moshi katika picha, akauzungushia mstari mwekundu, kisha ramani ikatumwa kwenye simu za watu, wajue kama wakae ndani au wahame.

Mdogo wake aliishi peke yake katika mji wa bondeni, naye alikuwa na pumu. Mama yao, siku aliyoaga dunia, alimkabidhi Mchora Moshi mdogo huyo kwa maneno mawili tu: "Mwangalie huyu." Lakini binti alikuwa mbishi wa kuzaliwa, hakufunga dirisha mpaka ramani iutaje mtaa wake.

Asubuhi ile upepo uliupeleka moshi kaskazini, mbali na bonde. Mchora Moshi akaona hadhari haizidi, heri binti afunge madirisha mapema. Akauongezea mstari wake ulimi mwembamba ulioshuka kusini hadi juu ya nyumba ya mdogo wake, mahali ambapo anga lilikuwa safi kabisa. Mkuu wa zamu, akipita na kikombe chake, alimgusa bega. Mkono ukateleza, mstari ukapinda kama kiwiko. Hakuusahihisha. Akatuma.

Picha iliyofuata iliingia saa nne kasoro dakika kumi. Moshi ulikuwa umegeuka. Ulikuwa umeshuka kusini, kinyume cha upepo, umeujaza ulimi ule bila kuuvuka mstari hata kwa unywele mmoja. Na pale mkono ulipoteleza, moshi nao ulipinda kama kiwiko.

Aliufuta mstari. Akachora mwingine, unaokwenda mbali na bonde. Akangoja dakika kumi. Picha ikaja. Moshi uko palepale. Ramani iliyokwisha kutumwa haikuwa na njia ya kurudi.

"Upepo unasemaje?" alinong'ona.

"Kaskazini," mkuu wa zamu alisema. Kisha akaweka kikombe chini, akainama kwenye kioo cha kompyuta. "Nani aliuchora huu kabla haujafika?"

Mchora Moshi alimpigia mdogo wake simu.

"Dada! Leo nimekutii," mdogo wake alicheka. "Nimefunga kila dirisha. Ila huko nje jua linawaka, nguo zangu zinakauka kwenye kamba. Moshi wenyewe uko wapi?"

"Toka nje, mdogo wangu. Toka sasa hivi."

"Wewe nawe! Mara nifunge, mara nitoke." Sauti ikashuka. "Dada."

"Naam."

"Kuna mtu anakohoa humu ndani. Si mimi."

Simu haikukatika. Alisikia kikohozi. Kimoja. Kisha viwili, vikipokezana. Kisha kimoja tu. Nacho hakikuwa cha mdogo wake.

Alifika bondeni saa saba mchana. Anga lilikuwa la buluu. Majirani walikuwa wamevunja mlango. Mapazia yalikuwa meupe. Chai mezani haikuwa na chembe ya majivu. Daktari aliyemchunguza maiti alimwuliza jambo moja, tena kwa sauti ya chini: marehemu alikaa siku ngapi ndani ya moto?

Mvua zilinyesha, moto wa misitu ukazimika. Mchora Moshi angali kazini. Hana pengine pa kumwangalia mdogo wake. Katika kila picha ya bonde lile lipo doa moja la kijivu, upana wa paa la nyumba ile, wala upepo hauliondoi. Hakuna mtu ofisini anayelizungushia mstari. Ukiitazama picha moja, hutaona ajabu. Lakini ukizipanga picha za siku nzima, ukazipitisha upesi upesi, utaliona likipanuka na kunywea, likipanuka na kunywea, kama kifua cha mtu aliyelala.