Ukuta wa Chumba cha Zuena

Mwanakombo wa Temeke aliamka mapema kila siku. Alifagia uwanja, kisha akakaanga vitumbua na kuviuza barazani. Mumewe, Jabiri, alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini. Mwaka ule wa 1955 walikuwa na jambo moja la furaha. Binti yao Zuena, aliyeolewa Morogoro, alikuwa anakuja kwao kujifungua mtoto wake wa kwanza.

Nyumba yao ilikuwa ya bati, na sakafu yake ya saruji. Lakini vyumba havikutosha. Wakakata shauri kukigawa chumba kikubwa kwa ukuta wa bodi za jasi. Bodi hizo ni bapa kama meza. Ndani ni jasi nyeupe kama chaki, nje zimevikwa karatasi ngumu. Hazijengwi kwa udongo wala mawe. Hupigiliwa misumari kwenye kiunzi cha mbao. Wakati ule pale mtaani zilikuwa kitu kigeni.

Fundi alikuwa Mwishehe, mdogo wake Mwanakombo, seremala wa Kinondoni. Vitanda na milango yake ilisifika. Jabiri aliuliza kama shemeji yake amewahi kujenga kwa bodi hizo. Mwanakombo akajibu kuwa mwenye mkono wa kazi hashindwi na kazi. Maneno yakaishia hapo.

Kwa siku mbili ukuta ukasimama. Ulipakwa chokaa ukang'aa. Mwishehe akatundika rafu ya vyombo juu ya kitanda, akaenda zake. Majirani walikuja kuutazama, na Mwanakombo alijisikia mrefu kuliko alivyokuwa.

Zuena aliwasili. Haukupita mwezi, ufa mwembamba ukatokea katikati ya ukuta, umenyooka kama uzi. Kisha ukuta ukavimba chini, karibu na sakafu, mfano wa mkate uliolowa chai. Mwanakombo aliviona vyote viwili. Hakumwambia mtu. Alisogeza sanduku la nguo mbele ya uvimbe, akatundika kanga juu ya ufa. Aliona haya kwa ajili ya mdogo wake.

Asubuhi moja Zuena aliondoka kitandani kwenda kunywa uji. Kabla hajafika uani, rafu ilianguka. Sufuria na bilauri zilishukia palepale kwenye mto wake. Mwanakombo alipiga magoti akaokota vigae. Jioni Jabiri aliporudi, alimweleza yote, pamoja na habari ya kanga na sanduku.

Jirani yao Leodegar, mtu wa Songea, alikuwa msaidizi wa mkaguzi wa majengo mjini. Walimwita, na siku ya pili alikuja na taa, uzi wa timazi wa kupimia wima, na msumeno mdogo. Hakumlaumu mtu. Aligonga ukuta kwa kidole taratibu, akisikiliza mahali penye mbao na mahali patupu. Kisha akaomba ruhusa, akakata kipande cha bodi.

Nguzo za kiunzi zilikuwa mbali mno, futi tatu kutoka moja hadi nyingine. Misumari mingine ilipigwa ukingoni kabisa, ikaipasua bodi. Mingine ilizamishwa kwa nguvu hadi ikachana karatasi, kwa hiyo haikushika kitu. Bodi zilikanyaga sakafu, na kila sakafu ilipopigwa deki, zilikunywa maji. Katika maungio palijazwa jasi tupu, bila utepe wa karatasi wa kuzishikisha bodi mbili. Na rafu ilipigiliwa kwenye bodi tu. Nyuma yake hapakuwa na mbao.

"Mama Zuena," Leodegar alisema, "ukuta huu haukuharibika leo. Uliharibika siku ulipojengwa, ila hakuna aliyeutazama. Ukaguzi wa bodi huanza kabla bodi haijapigwa. Ikishafunika, macho hayana kazi tena."

Jabiri alitaka fundi mwingine. Mwanakombo alimwomba amwachie siku moja. Kesho yake alijifunga buibui akaenda Kinondoni mwenyewe.

Mwishehe alimpokea vizuri, shikamoo dada, kiti hiki hapa. Lakini aliposikia kuwa ukuta umekatwa na mtu mwingine, uso ukamgeuka.

"Dada, umemleta mtu anikague mie?"

"Kukagua kazi si kumtukana fundi," Mwanakombo alisema. "Mie niliuona ufa nikautundikia kanga, kwa kukuonea haya. Haya zangu zilikaribia kumuua mwanetu."

Mwishehe aliiweka chini randa aliyokuwa nayo mkononi. Akasema, "Sikuwahi kujenga kwa bodi hizi. Niliona haya kusema sijui."

Jumamosi walianza upya, Mwishehe na Leodegar pamoja, na Mwanakombo akiwa karibu. Kiunzi kiliposimama, kazi ilisimamishwa. Leodegar alimpa Mwanakombo uzi wa timazi. Alimwonyesha kuwa kati ya nguzo na nguzo iwe futi moja na inchi nne, na kila nguzo isimame sawa na uzi. Palipokusudiwa rafu waliweka ubao wa kulala kati ya nguzo. Mwanakombo alipima nguzo moja moja. Ya nne ilikuwa imeinama kidogo. Moyo ulimsukuma anyamaze, lakini alisema. Mwishehe aliitazama, akaing'oa, akaisimamisha tena.

Bodi zilipopigwa, walikagua mara ya pili kabla ya kuziba chochote. Bodi ziliinuliwa nusu inchi kutoka sakafuni, na nafasi ile ingefichwa na ubao mwembamba. Misumari ilikaa mbali kidogo na ukingo. Vichwa vyake vilibonyea kidogo tu bila kuchana karatasi. Maungio yakavikwa utepe, yakapakwa jasi mara tatu, na kila mara waliiacha ikauke. Mwisho walifunga dirisha, Leodegar akaweka taa ubavuni mwa ukuta. Mwanga wa pembeni haufichi kitu. Vinundu viwili vilionekana, Mwishehe akavisugua kwa msasa bila kuambiwa.

Zuena alijifungua mtoto wa kike, salama. Mvua za masika zilinyesha wiki baada ya wiki. Chini ya ukuta palibaki pakavu, na hapakutokea ufa hata mmoja.

Siku ya arobaini walikuja wageni wengi kumtazama mtoto. Mmoja alikuwa Bernadeta, mwanamke wa Kinondoni aliyekuwa akijenga chumba cha kushonea nguo. Alimnong'oneza Mwanakombo kuwa fundi wake ni mtu wa ajabu. Tangu juzi kiunzi kimesimama na bodi ziko tayari, lakini amekataa kupiga hata msumari mmoja.

Mwanakombo aliuliza fundi huyo anasubiri nini.

"Ananisubiri mimi," Bernadeta alisema. "Ameniambia, 'Sijafunika bado. Njoo uone kwanza.' Anaitwa Mwishehe. Unamjua?"

"Namjua," Mwanakombo alisema. "Ni mdogo wangu."