Kibuyu Hakirudi Kitupu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kavindu alipika uji wa Babu. Alichota maji kwenye mtungi wa manjano uliozibwa kwa gunzi, ambao haukukosa kuwa mlangoni kila alipoamka. Aliukoroga uji mpaka mkono ukachoka, kisha akachota kijiko na kukiinamisha. Uji ukimiminika, aliurudisha mekoni. Ukianguka tonge zima, pu! ulikuwa tayari.

"Umeanguka?" aliuliza Susu kutoka chumbani. Susu ndivyo watoto wa Ukambani wanavyomwita nyanya.

"Umeanguka kama tope, Susu."

"Basi lete. Babu yako anatazama mlango kama mbuzi aliyenusa pumba."

Babu Musyimi alicheka bila sauti. Zamani alikuwa dalali wa mbuzi katika soko la Mbumbuni, na akinadi, hata walionunua viazi upande wa pili waligeuka. Kisha kiharusi kikampiga. Mkono ulipona, mguu ukapona, lakini koo likabaki limelala. Alipomeza, misuli ilichelewa kuifunga njia ya hewa, na kitu chepesi kama maji au chai kiliweza kuteleza hadi mapafuni. Ndiyo maana alikula vitu vizito tu, kijiko kimoja kimoja, akiwa ameketi wima na kidevu kimeinama.

Mara mbili kwa wiki Susu na Kavindu walimpeleka hospitalini kwa Daktari Wanjiro, mtaalamu wa matatizo ya kumeza. Siku ya kwanza daktari alitoa kimashine kidogo kama redio ya mfukoni, chenye nyaya nyembamba na vibandiko.

"Mzee, vibandiko hivi havishiki kwenye ndevu. Itabidi tunyoe."

Babu alishika ndevu zake nyeupe. "Nusu," alinong'ona. "Nyoa nusu."

"Dalali ni dalali tu!" Daktari Wanjiro alicheka, akanyoa zote.

Alibandika vibandiko shingoni, chini ya kidevu, akaongeza umeme kidogo kidogo huku akimtazama Babu usoni.

"Unasikiaje?"

"Siafu."

"Siafu ni wazuri. Wakianza kuvuta, umeze kwa nguvu. Sasa!" Koo la Babu likapanda na kushuka. "Umeme unaamsha misuli tu," daktari akamwambia Kavindu. "Kazi yenyewe ni ya mzee."

Baada ya wiki kadhaa Babu aliweza kumeza kijiko cha uji bila kukohoa. Sauti nayo ilianza kurudi, nyembamba kama uzi. Kavindu alisubiri kwa hamu siku atakayomsikia akinadi tena.

Jumapili moja baada ya ibada, jirani yao Kasyoki, ambaye watoto walimwita Mama Ben, aliingia na kibuyu cha uji. Kwao ni desturi: ukimpelekea mgonjwa uji, unashika kikombe mwenyewe hadi anywe. Asipokunywa, ni kana kwamba amekukataa. Susu alikuwa ameenda kutafuta kuni.

Mama Ben alimimina uji mwepesi.

"Mama Ben, huo hawezi," Kavindu alisema. "Daktari alisema uwe mzito."

"Mtoto hamfundishi mtu mzima kulisha mgonjwa. Nimelea saba mimi! Kunywa, baba, upate nguvu."

Babu, kwa heshima, akanywa. Papo hapo alipaliwa. Alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Usiku homa ikapanda, na kesho yake akalazwa kwa nimonia. Daktari Wanjiro aliweka kimashine kabatini.

"Hatuwezi kuendelea mpaka kifua kipone. Na misuli ikikaa bure, inasahau."

Tangu siku hiyo Kavindu alibeba hasira kama kaa la moto. Kibuyu cha Mama Ben kilikuwa kimebaki nyumbani kwao, na kila alipokiona alitamani kukipasua ukutani. Shuleni mambo yalizidi. Mwau, kijana wa darasa lake asiyejua kufunga mdomo, alimwita mbele ya wenzake.

"Eti babu yako alishindwa na uji? Hata mtoto mchanga hunywa uji!"

Wote wakacheka. Kavindu alikusanya vitabu vyake. Alikuwa akimwaza Mama Ben. "Atalia," alijiambia. "Atalia kama Babu alivyokohoa."

Alijua pa kumpiga. Mama Ben alikuwa na tangi la maji ya mvua nyuma ya nyumba, na mvua ilikuwa mbali. Ukambani, wakati wa kiangazi, maji ndiyo hazina.

Jumatano akina mama walipokuwa kanisani, Kavindu alipita kwenye ua wa minyaa na kufungua bomba. Maji yakatoka kwa kishindo. Ardhi nyekundu ikayanywa, yakakata mfereji mdogo kuelekea mihogo. Alisimama akitazama, na moyo wake ukacheka. Alipogonga tangi likalia tupu, alisema kwa sauti, "Sasa tuko sawa."

Alilala vizuri usiku huo.

Asubuhi Babu alikuwa anarudi kutoka hospitalini. Kavindu alitoka kuchota maji ya kupikia uji. Mlangoni hapakuwa na mtungi.

"Susu, mtungi wenye gunzi uko wapi?"

Susu alichungulia nje. "Haujaletwa? Si kawaida yake. Kasyoki hajakosa hata siku moja."

"Kasyoki yupi?"

"Tuna Kasyoki wangapi hapa? Mama Ben. Tangu babu yako augue, huteka maji kwenye tangi lake na kuniletea kabla hakujakucha. Alijua siwezi kumwacha mgonjwa niende mtoni. Hata babu yako alipokuwa amelazwa, Kasyoki aliendelea kuleta."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, mwanangu. Uliukuta mtungi umejaa, ukachota." Susu alishusha pumzi. "Na leo nahitaji maji kuliko siku zote. Daktari amesema kinywa kisafishwe vizuri kila mara, uchafu usishuke tena mapafuni. Nitamsafisha kwa nini?"

Kavindu aliweka chini sufuria ya uji. Kisha akasema yote: bomba, mfereji, mihogo, na jinsi alivyofurahi.

Susu hakumpiga wala kupaza sauti. Alikaa kwenye kigoda, akaupangusa uso kwa leso.

"Babu yako aliumia kwa sababu Kasyoki hakusikia. Hilo ni kweli, na hasira yako naielewa. Lakini sasa utakichukua kibuyu chake umrudishie. Nawe unajua kibuyu hakirudi kitupu."

"Nitatia nini, Susu?"

"Ulichokimwaga."

Kavindu alishika jembe na kibuyu, akashuka mtoni. Mto ulikuwa mchanga mtupu. Alichimba hadi magotini, hadi kiunoni, kucha zikauma, kabla ya maji kuanza kuchuruzika chini ya shimo. Aliyakusanya kidogo kidogo, akapanda nayo mlima.

Alimkuta Mama Ben uani, kiuno amekifunga kanga, panga mkononi.

"Ni Munyao!" alifoka. Munyao alikuwa jirani aliyegombana na Mama Ben kuhusu mpaka wa shamba. "Amenifungulia tangi! Leo migomba yake itanijua!"

Kavindu angeweza kunyamaza. Munyao angebeba lawama, naye asingejulikana kamwe. Alikiweka kibuyu mbele ya Mama Ben.

"Si Munyao, Mama Ben. Ni mimi."

Panga lilishuka polepole.

"Wewe? Kwa nini?"

"Kwa sababu ya Babu. Nilikuambia uji usiwe mwepesi, ukanifukuza kama kuku." Machozi yakamtoka. "Sikujua maji ya mtungi wetu hutoka kwako. Nisamehe."

Mama Ben alikitazama kibuyu, akaitazama mikono yenye mchanga. Akaketi chini.

"Nilikusikia siku ile," alisema. "Niliona aibu kufundishwa na mtoto. Maji niliendelea kuyaleta alfajiri, nisikutane na mtu. Nilishindwa hata kuja hospitalini nikamtazama babu yako machoni." Akainuka. "Lakini tangi langu utalipa. Kila jioni, mitungi miwili, mmoja wa babu yako na mmoja wangu, mpaka mvua inyeshe. Punda nitakuazima."

"Ndiyo, Mama Ben."

"Nawe utanifundisha huo uji wenu wa tope."

Kuanzia siku hiyo Kavindu alichimba mchanga kila jioni. Mtungi wa kwanza ulikuwa wa Babu, wa pili wa Mama Ben. Mwau alimcheka siku ya kwanza. Siku ya tatu alikuja na jembe lake, akasema amechoka kucheka peke yake.

Kifua cha Babu kilipopona, Daktari Wanjiro alirudisha vibandiko shingoni. Misuli ilikuwa imesahau, ikabidi waanze upya. Ilichukua muda, lakini jioni moja Mama Ben alileta uji kwenye kibuyu chake. Kavindu alichota kijiko na kukiinamisha. Pu!

"Umeiva," alisema. "Mpe wewe, Mama Ben."

"Kidevu chini, baba," Mama Ben alisema, akikisogeza kijiko.

Babu alimeza. Wote walisubiri kikohozi. Hakikuja. Akafungua kinywa, na sauti yake, ya mkwaruzo lakini sauti, ikatoka: "Kijiko kimoja! Nani anaongeza?"

Mama Ben alicheka mpaka akalia.

Baadaye, wakiosha sufuria kwa maji machache, Susu alimwambia Kavindu, "Kisasi ni kama uji mwepesi, mwanangu. Ni rahisi kukimeza, na huteremka upesi kabla hujafunga njia. Kisha kinaishia mapafuni mwako, na mwa wale unaowapenda. Ukikosewa, sema. Na kabla ya kulipiza, uliza kwanza ni nani amekujazia mtungi."