Ile Sehemu ya Jikoni

Kama umekaa umeupa mlango mgongo, geuza kiti kwanza, ndipo tuendelee.

Palikuwa na mshonaji, mwanamke wa makamo mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa wanajaribu. Mumewe alikuwa mpaka rangi wa nyumba, lakini hakuna aliyemjua kwa rangi. Walimwita Manyoya. Jina hilo lilimganda ujanani, wakati mdogo wake alipoazima kamera ya kupigia harusi akaamua kutengeneza filamu ya kutisha: *Jirani Mwenye Manyoya*, habari za mtu mpole anayegeuka mbwamwitu kila mwezi unapokamilika.

Fedha hazikuwepo. Mwezi wenyewe ulikuwa sinia lililomulikwa kwa tochi. Vazi la mbwamwitu alilishona Fundi, wakati huo akiwa bado mchumba, kwa mablanketi makuukuu, kipande cha zulia na nywele za bandia. Meno yalikatwa kwenye chupa ya plastiki. Yule mdogo mtu, ambaye mpaka leo anaitwa Kata kwa sababu alikuwa akipiga kelele "Kata!" hata wakati wa kula, ndiye aliyeongoza, akapiga picha, akaigiza pia kama polisi anayekufa mapema.

Filamu ilikuwa kichekesho. Kuna mahali mbwamwitu anamkimbiza msichana na raba zake nyeupe zinaonekana kabisa. Lakini kanda ilizunguka nyumba hadi nyumba, watoto wa enzi hizo wakaitazama wakiwa wamejifunika shuka mpaka puani, na watoto hao sasa ni watu wazima wenye vitambi na vyeo.

Asubuhi moja mwalimu wa chekechea alikuja kupimwa gauni. Fundi alikuwa kamzungushia utepe kiunoni, mwalimu akaiona picha ukutani: Manyoya ndani ya vazi, kichwa cha mbwamwitu kwapani, anacheka.

"Kumbe yule ni mumeo! Ile filamu ilinitesa, Fundi. Mpaka leo ile sehemu ya jikoni siwezi kuisahau."

"Sehemu gani?"

"Ya jikoni bwana. Mwanamke anaosha vyombo, ameupa mlango mgongo. Mbwamwitu anaingia taratibu, hangurumi wala nini. Anasimama nyuma yake, anamwambia kwa sauti ya mumewe, 'Mke wangu, nifungulie huku mgongoni, joto linaniua.'" Mwalimu akajikunja mabega. "Ona, nywele zimenisimama."

"Halafu?"

"Halafu nikafumba macho."

Fundi akacheka, lakini utepe ulimponyoka mkononi. Filamu ile haikuwa na jiko. Yeye ndiye aliyeshika taa kila siku ya kazi ile. Walipiga picha kichochoroni, katika chumba alichopanga Kata, na kwenye tanuru la matofali lililotelekezwa nje ya mji. Basi.

"Umechanganya na filamu nyingine, mwalimu."

"Nyingine ipi? Mimi za kutisha nimetazama hiyo moja. Iliniponya hamu."

Fundi angelisahau jambo hilo kama kinyozi wa duka la pili asingelisema lile lile, bila kuulizwa, akiwa na mkasi hewani. Kisha muuza dawa. Kisha mama mmoja aliyeleta pazia kupindwa. Wote jikoni, wote maneno yale yale, na wote, walipofika pale mwanamke anapoanza kugeuka, walikuwa wamefumba macho.

Na hayo maneno ndiyo yaliyomchoma. Zipu ya vazi ilikuwa imeharibika siku ya kwanza tu, kwa hiyo kila asubuhi alimshonea Manyoya humo ndani na kila jioni alimfumua. Naye Manyoya, jasho likimtiririka, alikuwa akimnong'oneza, "Nifungulie huku mgongoni, mke wangu, joto linaniua," na hata ndoa ilikuwa bado. Hayo yalikuwa maneno yao wawili. Sasa yamefikaje kwenye kanda?

Moyo wake ukaenda moja kwa moja kule ambako moyo wa mke yeyote ungekwenda. Kuna sehemu walipiga bila yeye kujua. Kuna jiko la mtu, na katika jiko hilo kuna mwanamke.

Jioni alimwekea mumewe chai, akakaa mbele yake.

"Yule mwanamke wa jikoni ni nani?"

Manyoya alikitua kikombe. "Jikoni wapi?"

"Kwenye filamu."

"Watu wanachanganya mambo, mke wangu. Zamani hiyo." Alijibu haraka mno, na macho yake yalikuwa kwenye kikombe.

Kuanzia hapo Fundi akawa anamtazama mumewe kama anavyotazama kitambaa cha bei rahisi, akitafuta panapochanika. Na alipata. Mashati yake yalirudi yamelowa mgongoni hata siku za baridi. Kwenye sabuni ya kuogea alikuta unywele mrefu, mweusi, mgumu kama uzi wa nailoni. Nywele za nani? Nyumbani palizoea kunuka rangi na tapentaini. Sasa, chini ya harufu hiyo, palikuwa na nyingine, ya mnyama aliyenyeshewa akaanikwa ndani. Na kila Manyoya alipodhani mkewe yuko kwenye cherehani, alikwenda kwenye stoo ndogo chini ya ngazi, akakaa humo kitambo, ndipo akatoka.

Siku moja alipokwenda kazini, Fundi akaifungua stoo. Nyuma ya makopo ya rangi kulikuwa na sanduku. Ndani yake lilikuwa vazi, lile lile ambalo Manyoya aliapa kwamba alilitupa jalalani mwaka waliooana. Aliinama akaingiza mkono.

Lilikuwa na joto, kama kitanda ambacho mtu ametoka kuamka sasa hivi.

Alifunga sanduku, akafunga stoo, akachukua mkoba, akaenda kwa shemeji yake.

Kata siku hizi alikuwa na studio ya picha za harusi, viyoyozi na mazulia, na bado alikuwa na mdomo mkubwa. Lakini Fundi alipomwambia, "Shemeji, niwekee filamu. Yote. Sasa hivi," hakuuliza kwa nini. Alishusha pazia nusu, akaiweka. Waliitazama mchana kweupe, sinia likiwa mwezi, raba nyeupe zikikimbia, mpaka mwisho. Jiko halikuwepo. Fundi akashusha pumzi.

"Umeona? Haipo. Basi kwa nini mji mzima unaikumbuka?"

Kata alikuwa ameukazia macho ukuta.

"Shemeji?"

"Hata mimi naikumbuka," akasema, kwa sauti ndogo ambayo Fundi hakuwahi kuisikia kwake. "Naikumbuka, na mimi ndiye mpiga picha. Nakumbuka nilivyoiweka kamera karibu na jokofu. Na sikuwahi kuiweka, shemeji. Haki ya Mungu sikuwahi."

"Huyo mwanamke ukamwona?"

"Mgongo tu. Ana utepe wa kupimia shingoni." Akaonyesha kwa mkono. "Na ukuta una rangi mbili. Juu kijani, chini manjano."

Manyoya alikuwa amelipaka jiko lao hivi karibuni tu kwa rangi zilizobaki kazini. Ya kijani ikamwishia nusu ukuta, akamalizia ya manjano, wakacheka sana. Kata alikuwa bado hajafika nyumbani kwao tangu hapo. Na mkono wa Fundi, peke yake, ukapanda shingoni ukaukuta utepe, pale ulipo kila siku ya maisha yake.

Waliondoka pamoja kwenda kwa mganga mmoja, bibi mkavu aliyepanga chumba juu ya karakana ya matairi, ambaye hakuwa na madoido yoyote. Aliwakalisha, akasikiliza mpaka mwisho, nyundo zikigonga huko chini.

"Kule kwenye tanuru," akamuuliza Kata, "ulikuwa ukimwambia nini kaka yako?"

"Nilikuwa namwongoza tu. Kaka ni mpole, hakuweza kutisha. Nikawa namwambia, ingia ndani ya mnyama. Ingia! Vaa! Mpaka nikakauka sauti."

Bibi akatikisa kichwa polepole. "Kaka yako hakuingia. Aliyekuwa akikaa pale tanuruni alikusikia, akadhani anakaribishwa. Jini hana umbo, mwanangu. Wewe umempa ngozi. Na kila aliyemtazama amemwekea kiti kichwani mwake. Huko ndiko alikokuwa akikaa miaka yote hii. Sasa amechoka kukumbukwa. Anataka kutoka awe mtu."

"Na mume wangu?" Fundi akauliza.

"Mumeo anasikia sauti inayomwita stoo, anaona haya kusema. Hilo jini likija, litakuomba ulifungulie. Usigeuke. Usilitaje jina. Nani alilishona vazi?"

"Mimi."

"Basi wewe si wa kulifungua. Funga ulichokishona."

Walipanga Kata na bibi waje kesho yake walichome lile vazi. Kesho yake hiyo Manyoya aliamkia kazini, kupaka rangi zahanati upande wa pili wa mji, na mvua ikaanza alasiri, na Fundi, ambaye hakutaka kuingia jikoni kabisa, alijikuta ana vyombo vya mchana kwenye karai na mikono yake tayari imo kwenye povu, utepe shingoni, sindano yenye uzi imechomekwa kifuani kama kawaida yake.

Kwanza harufu. Kisha jokofu, ambalo linanguruma siku zote, likanyamaza. Kisha mlango nyuma yake ukafunguka bila haraka, kama unavyofunguliwa na mwenye nyumba.

"Mke wangu."

Ilikuwa sauti ya Manyoya, haikuzidi wala kupungua, hata kale kakohozi ka vumbi la rangi kalikuwemo.

"Mke wangu, nifungulie huku mgongoni. Joto linaniua."

Na hapo Fundi akaelewa kwa nini watu wote wale walifumba macho, kwa sababu kila kitu ndani yake kilikuwa kinataka kugeuka, si kwa woga bali kwa mapenzi, kwa ile huruma ya kila jioni ya ujana wake alipokuwa akimfumua mtu wake uzi kwa uzi na kumtoa humo akiwa amelowa jasho na kucheka, na vipi kama ni yeye kweli, vipi kama alilivaa kwa ujinga wake akakwama na sasa anakosa hewa huku mkewe anakodolea macho ukuta wa kijani na manjano, na pumzi ile ya moto ilikuwa sasa kwenye shingo yake, na kitu kilimgeuzia mgongo, alikisikia kikigeuka, manyoya yakikwaruza kabati, kikangoja.

"Haraka, mpenzi," kikasema. Manyoya hakuwahi kumwita mpenzi.

Fundi alifumba macho. Alirudi nyuma kinyumenyume, akageuka akiwa hivyo hivyo kipofu, akanyoosha mikono yenye povu mpaka ikagusa nywele. Akapapasa. Mshono ulikuwa umeachia urefu wa kiganja, na kati ya kingo zake mbili hapakuwa na blanketi wala mwili. Palikuwa na joto tupu, kama mdomo wa tanuru. Akachomoa sindano kifuani.

Alipopiga mshono wa kwanza, sauti ya mumewe ikalia. "Unaniua! Mke wangu, ni mimi!" Machozi yalimtoka kupitia kope zilizofungwa, na vidole havikusimama, kwa sababu vidole vya mshonaji haviombi ruhusa. Alishona akisikiliza sauti ikiomba, kisha ikitukana, kisha ikiacha kabisa kuwa ya mtu. Akafunga fundo. Akakata uzi kwa meno.

Kitu kikaanguka sakafuni kwa kishindo kidogo, kama nguo. Jokofu likanguruma.

Kata na bibi walimkuta amekaa chini, macho bado kayafumba. Vazi lilichomwa uani chini ya mabati, na lilichukua muda mrefu kuungua kuliko blanketi la kawaida. Manyoya alirudi wakati majivu yanapoa. Alisimama akayatazama, akamkumbatia mkewe, akalia kama mtoto. Wenzake wa kazini baadaye waliapa kwamba siku ile hakutoka zahanati. Ila alasiri, mvua ilipokolea, alishuka ngazi akasema anajisikia vibaya, akajilaza kwenye chumba kitupu, na hawakumsumbua.

Harufu ikaisha. Sabuni ikabaki safi. Mwalimu wa chekechea alipokuja kuchukua gauni, Fundi akamuuliza kuhusu ile sehemu ya jikoni, naye akashangaa. "Jikoni? Mimi nakumbuka raba tu, Fundi. Tulicheka sana." Kinyozi naye hakukumbuka kitu. Bibi wa juu ya karakana akasema jambo limekwisha, watu wakalale.

Na Manyoya amekuwa mume mzuri. Mzuri kupita zamani: anaosha vyombo, anasikiliza, anamwita mkewe kwa majina matamu. Ila siku hizi havui shati. Anaoga mlango umefungwa, analala na fulana, na joto likizidi anasema yeye hasikii joto tena.

Siku moja ya mapumziko, mchana, alikuwa amepitiwa na usingizi kwenye kochi, uso ukutani. Fulana ilikuwa imepanda kidogo kiunoni. Fundi alikuja na chai, akaitua mezani. Alilitazama pindo, na vidole vyake vikaukumbuka ule mshono. Kisha akainama, akalishika pindo la fulana kwa ncha za vidole viwili, akalivuta chini taratibu, akamfunika vizuri, akarudi kwenye cherehani yake.