Wimbo wa Boma

Malachy Gilrane aliipaka filimbi yake mafuta ya lozi, akaichomoa vipande vitatu, akavitia ndani ya soksi ya sufu, akatoka nayo kwapani. Ilikuwa jioni ya Novemba. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu na jua lilikuwa linazama nyuma ya kilima bila kumuaga mtu. Mbwa wake, Toss, akamfuata. Yenyewe haikuwa safari ya kuitwa safari. Ni kukatiza malisho mawili ya ng'ombe hadi kwa dada yake Attracta, kumkabidhi mpwa wake Dervla ile filimbi, kunywa chai na kurudi.

Lakini miguu ilikuwa mizito. Miaka arobaini alikuwa ameipuliza filimbi ile ya mpingo, kwenye baa, kwenye arusi na kwenye matanga, mpaka baridi yabisi ikamla vidole. Hakuoa. Attracta alikuwa na kawaida ya kuwaambia watu kwamba kaka yake ameoa gogo, na Malachy alikuwa akimjibu kwamba gogo angalau halimpigii kelele. Leo gogo lilikuwa linakwenda kwa mwingine, na mzee mzima alikuwa anajikaza asilie mbele ya mbwa.

Katikati ya malisho ya pili palikuwa na boma. Lilikuwa duara la udongo la watu wa kale, limezungukwa na miti ya miiba ambayo hakuna mkulima wa kijiji cha Knockvarra aliyethubutu kuikata hata kijiti. Humo ndimo walimokaa Watu Wema, majini wa chini ya ardhi. Waliitwa hivyo kwa woga tu, maana wema wao haujawahi kuonekana.

Babu yake Malachy alitoka na wimbo kutoka mle ndani. Alilala usingizi bomani siku moja ya kiangazi, akaamka nao masikioni. Akamrithisha Malachy pamoja na sharti lake. Kwao kila wimbo hupigwa mara mbili, hata mlevi asiyeweza kufunga kamba za viatu vyake hakosi kuurudia. Lakini kuurudia huu, babu alisema, si jambo la adabu tu. Mara ya kwanza unawaamsha. Mara ya pili unawalaza.

Malachy akasimama kando ya boma.

"Mara ya mwisho," akamwambia Toss. "Tuagane na gogo kama watu."

Akaiunganisha filimbi, akaipeleka mdomoni, akaanza ule wimbo wa babu. Sauti ikatoka nene, yenye kukwaruza kidogo, kama alivyoipenda. Chini ya sauti ile akasikia miguu. Mwanzoni michache, halafu mingi, ikikanyaga ndani ya boma kwa kufuata mapigo. Akadhani ni ng'ombe. Akaendelea mpaka mwisho wa mzunguko wa kwanza, akavuta pumzi arudie, na badala ya pumzi kikaja kilio. Kidole cha shahada kikakakamaa. Akaishusha filimbi.

Miguu ikasimama.

Kimya...

Harufu ikamfikia. Harufu ya udongo mbichi, kama kaburi lililochimbwa asubuhi.

"Rudia," sauti ikanong'ona kutoka kwenye miiba.

Angerudia, mambo yangeishia pale, na mwenyewe alilijua hilo. Lakini miguu yake ilikuwa imeshaamua. Alikimbia kama kijana, filimbi mkononi, soksi imebaki nyasini. Toss hakukimbia. Toss aliruka juu ya ukingo wa boma akibweka, kisha akalia mara moja, mlio mfupi.

Kitu kikapita juu ya kichwa cha Malachy, kikaanguka mbele yake.

Ilikuwa nusu ya Toss. Miguu ya mbele ilikuwa bado inakimbia.

Halafu ikaanguka nusu ya pili.

Attracta alimfungulia mlango akiwa na birika mkononi. "Mbona unahema kama ng'ombe anayezaa? Chai imeshapoa, na..." Akaona damu kwenye koti. "Toss yuko wapi?"

"Funga mlango!"

"Nakuuliza, Toss yuko—"

"Funga, dada!"

Alipofunga tu, Laddie, mbwa wake mwenyewe, akabweka uani. Akalia. Kitu kizito kikaanguka kizingitini. Kisha kingine. Attracta akafungua kidogo, akachungulia, akafunga na kushusha komeo. Uso wake ulikuwa umeishiwa damu.

Dervla akashuka ngazi mbio. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, mtoto pekee wa Attracta, na hakuna wimbo wa mjomba wake asioujua isipokuwa mmoja.

"Mama, ni nini?"

Attracta alikuwa anaitazama filimbi. "Umeupiga ule wa babu," akasema polepole. "Pale bomani. Malachy, umeupiga mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mwendawazimu we! Basi rudia! Rudia sasa hivi!"

Malachy akainua filimbi. Hakuwahi hata kulowesha midomo. Kioo cha dirisha lililokuwa nyuma yake kilipasuka, ukaingia mkono. Mkono mrefu wa rangi ya udongo, wenye vifundo vingi kupita mkono wa mtu. Ukaukamata mkono wake wa kushoto na kuuvuta nje hadi bega likagonga fremu.

Vidole vikavunjwa. Kimoja... kimoja... vikilia kama maharage mabichi yanapokatwa kwa ajili ya sufuria. Malachy alipiga yowe ambalo yeye mwenyewe hakulitambua. Attracta akanyakua shoka la kuni, akaukata ule mkono kwa nguvu zake zote. Shoka likazama. Haikutoka damu. Ulitoka udongo, ukamwagika kwenye sinki, na mkono ukaachia.

"Mtoe dirishani!" Attracta akapiga kelele. "Mlete huku!"

Wakamburuta hadi upande wa pili wa chumba cha jiko. Upande wa pili nako kulikuwa na dirisha, na katika vurugu ile hakuna aliyelikumbuka. Kioo kikapasuka. Mkono ukaingia, ukauchukua wa kulia.

Walipompata tena, alikuwa amekaa sakafuni, viganja vyote viwili vimelala mapajani mwake kama vya mtu mwingine. Filimbi ilikuwa imebingirika chini ya meza. Nje kitu kilikuwa kinazunguka nyumba, kikiburuta kucha ukutani.

"Rudia..."

Dervla akaingia chini ya meza, akatoka nayo. "Nifundishe, mjomba."

"Hapana," Attracta akasema. "Wewe hapana."

"Mama, nani mwingine? Wewe?"

Malachy akamtazama binti. Wimbo ule alikuwa amemnyima kwa choyo tu, ili abaki na kitu chake mwenyewe siku filimbi itakapotoka mikononi mwake. Sasa akafumba macho, akaanza kuuimba kwa mdomo, bila maneno, kama wazee wanavyofundishana. Di-dli-di, di-dli-dam. Kipande baada ya kipande. Dervla alikuwa na sikio jepesi. Alikidaka kila kipande, akakishika kwa vidole bila kupuliza, akaitika kwa kichwa kutaka kingine. Paa likaanza kupigwa. Vigae vikaanguka uani.

Kisha akapuliza.

Nje miguu ikaanza kucheza. Ilizunguka nyumba nzima, mizito, sahani zikaruka kabatini na kupasuka. Damu ikamtoka Dervla puani, ikapita mdomoni na kuteleza juu ya mpingo, naye hakuacha. Malachy alisikiliza. Filimbi yake haikuwahi kulia vizuri namna ile. Aliona wivu na alifurahi, vyote kwa pamoja, na maumivu ya mikono aliyasahau.

Wimbo ukafika mwisho. Dervla, kama mpigaji yeyote wa kwao, akavuta pumzi kwa pembe ya mdomo ili aurudie.

Attracta akampokonya.

"Inatosha! Yake moja, yako moja, mbili hizo!" Akafungua mlango wa jiko la chuma, akaitupa filimbi ndani katikati ya makaa, akaubamiza mlango. "Imeshamla kaka yangu. Mtoto wangu haimli."

Malachy akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyepigwa tumboni.

Miguu nje ikasimama.

"Mnasikia?" Attracta alikuwa anacheka na kulia. Akamfuta binti yake damu kwa aproni, akambusu kichwani. "Mnasikia kimya hicho? Wamekwenda."

Malachy aliujua ule ukimya. Alikuwa amekutana nao jioni ile ile, kando ya boma. Ndani ya jiko mpingo ulikuwa unaungua taratibu, ukitoa mluzi mwembamba, na juu ya harufu ya moshi ikapanda harufu nyingine. Udongo mbichi.

"Attracta," akanong'ona. "Mimi nilipiga mara moja."

"Ndiyo, na Dervla—"

"Na Dervla amepiga mara moja. Kila mpigaji lazima arudie mwenyewe."

Hakuna aliyesogea. Komeo la mlango likaanza kuinuka lenyewe, taratibu.

"Rudia," sauti ikasema kwenye tundu la ufunguo, kwa upole sana. "Rudia, Dervla."

Attracta akaurukia mlango wa jiko na kuufungua. Akaingiza mkono wake mtupu ndani ya makaa, hadi kwenye kiwiko, akipapasa na kupiga mayowe. Akautoa. Haukuwa na kitu.

Akaingiza wa pili.