Jina la Boke Juu ya Paa

"Wewe mura, bati zetu ziko wapi?"

Boke alikuwa amesimama mbele ya nyumba waliyokuwa wakiijenga Nyamisangura. Kuta tupu, na harusi imebaki wiki tatu! Zile bati aliziandika mwenyewe kwa rangi nyekundu upande wa ndani, BOKE, fundi asije akazibadilisha.

Zablon, mchumba wake, mfyatua tofali, alifuta mikono kwenye suruali.

"Nimeezekea chumba cha kanisani. Wale mabinti waliokimbia kukeketwa walikuwa wananyeshewa."

"Na mimi nisinyeshewe?"

"Wewe una pa kulala kwa baba yako. Wao baba zao ndio wanawasaka. Yesu alisema, nilikuwa mgeni mkanikaribisha."

"Basi waoe hao wageni!"

Akavua pete ya uchumba, akaitundika kwenye msumari wa dirisha, akaondoka.

Haukupita muda, akaolewa na Gidion wa duka la vipuri, Bomani. Nyumba ina vigae mpaka chooni. Zablon alituma meseji moja tu: "Mungu akutunze, Boke."

Desemba ikafika, simu ikaita.

"Boke, mdogo wako katoroka!" Mama yake analia. "Ngariba kaja, kitanda kitupu!"

Boke akamkimbilia mumewe.

"Baba, nipeleke na gari tumtafute Ghati."

"Kwenye matope haya? Gari langu halibebi watoro. Na asiletwe hapa, sitaki kesi na wazee wa mila."

Boke akatoka na mvua, kwa miguu, hadi chumba kile cha kanisani. Akamkuta Ghati kwenye godoro, mkavu, na kikombe cha uji mkononi.

"Dada! Nilivyoinua macho nikajua nimefika kwenu. Soma."

Boke akatazama juu. BOKE. BOKE. BOKE. Kila bati.

Zablon, aliyekuwa akigawa uji, akamsogezea kigoda.

"Nisamehe, Zablon."

"Nilikusamehe siku ile ile."

"Na pete yangu?"

Zablon akaangalia chini, pale Ghati alipokaa.

"Niliiuza. Ndiyo godoro hilo."

Simu ikatetemeka. Gidion: "Uko wapi? Usije kunichafulia vigae."

Wanangu mnaochumbiwa, mimi ninayewasimulia ni mama, nasema kwa uchungu. Ukimpima mwanaume, usipime nyumba yake. Mwangalie anapobishiwa hodi na asiye na kitu.

Boke alimfunika mdogo wake shuka, akavua viatu vyenye tope, akavishika mkononi, akarudi Bomani.